Joto linapochelewa: kwa nini hesabu yake hulipuka

Kuna sentensi moja iliyozaa makala nyingi mno za hisabati na fizikia: joto haliitiki papo hapo, huchelewa kidogo. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini ukiichukua neno kwa neno, ukaiandika kama mlinganyo na kuufunga mlinganyo huo kwenye kitu kinyumbufu, yaani kitu kinachorudi kwenye umbo lake baada ya kuvutwa au kubanwa, hesabu inalipuka. Nataka kueleza mlipuko huo unatoka wapi, kwa sababu wanaosoma modeli hizi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kadiri unavyouandika uchelewaji kwa uaminifu zaidi, ndivyo modeli inavyozidi kuwa bora. Hali ni kinyume kabisa.

Tuanze na kanuni ya Joseph Fourier, aliyoichapisha mwaka 1822. Inasema kwamba mtiririko wa joto, q, unategemea ukali wa mteremko wa halijoto mahali hapo hapo na wakati huo huo, na unaelekea upande wenye baridi: q = −kθₓ. Hapa θ ni halijoto, alama ndogo ya x inaonyesha mabadiliko kwa umbali (na ile ya t, mabadiliko kwa muda), na k ni uwezo wa kitu kupitisha joto. Ukiiunganisha na uhifadhi wa nishati unapata mlinganyo maarufu wa joto, θₜ = αθₓₓ, ambamo α ni kipimo cha usambaaji. Kwa shaba, α ni takriban mita mraba 0.00011 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba joto huchukua kama sekunde 1 kuenea sentimita 1 ndani ya shaba, na zaidi ya saa 2 kuenea mita 1, kwa sababu muda hukua kwa kipeo cha pili cha umbali.

Kanuni hii ina kasoro inayotajwa karibu kila mahali: inaruhusu joto kusafiri kwa kasi isiyo na kikomo. Pasha ncha moja ya fito, na mlinganyo unasema ncha ya pili imepata habari wakati huo huo. Ni kweli kihisabati, lakini tuipime kwa namba. Kwa fito ya shaba, sekunde 1 baada ya kupasha, athari iliyofika umbali wa mita 1 imepunguzwa kwa kizidishi cha takriban 10⁻⁹⁸⁷. Hakuna kipimajoto kitakachoigundua, na hakuna atomu za kutosha katika fito yoyote ili namba hiyo iwe na maana. Kwa hiyo siioni kasi isiyo na kikomo kuwa sababu nzito ya kuitupa kanuni ya Fourier. Sababu nzito iko kwenye muda mfupi sana na kwenye baridi kali sana, ambako vipimo halisi vinaipinga.

James Clerk Maxwell aliiona dalili mapema. Mwaka 1867, katika nadharia yake ya gesi, alikutana na neno la ziada linaloonyesha mtiririko wa joto ukijirekebisha taratibu, akaliacha kwa kuwa linafifia haraka mno. Carlo Cattaneo alilirudisha mwaka 1948, na Pierre Vernotte akafuata mwaka 1958. Mlinganyo wao ni τqₜ + q = −kθₓ. Herufi τ ni muda wa kutulia: muda ambao mtiririko unahitaji ili ulingane na mteremko mpya. Sasa joto lina kasi yenye kikomo, nayo ni kipeuo cha pili cha α/τ. Kwa shaba, tukichukua τ kuwa sekunde 10⁻¹¹, kasi hiyo inakuwa kama mita 3,300 kwa sekunde. Haiko mbali na kasi ya sauti ndani ya shaba.

Je, wimbi la joto limewahi kuonekana? Ndiyo. Mwaka 1944 Vasily Peshkov aliripoti kuliona kwenye heliamu ya kimiminika iliyopozwa hadi karibu kelvini 1.4. Mapigo ya joto yalisafiri kama sauti, kwa takriban mita 19 kwa sekunde, wakati sauti ya kawaida humo inapita zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Jambo hilo likaitwa sauti ya pili. Baadaye lilionekana ndani ya mango pia: heliamu iliyoganda mwaka 1966, floridi ya sodiamu mwaka 1970, bismathi mwaka 1972. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ni mambo ya baridi kali tu, hadi mwaka 2019 vipimo vya grafaiti vilipoionyesha sauti ya pili kwenye halijoto ya zaidi ya kelvini 100.

Pamoja na ushahidi huo safi kuna ushahidi wenye utata. Katika miaka ya 1990 majaribio kwenye vitu visivyo na muundo sare, kama mchanga na nyama iliyosindikwa, yalitoa τ ya sekunde nyingi, kumi na zaidi. Watafiti wengine walirudia vipimo vya aina hiyo wakapata kwamba Fourier anatosha. Mimi naegemea upande wao. Kwenye heliamu au grafaiti tunajua nini kinachochelewa: ni fononi, vifurushi vya mtetemo vinavyobeba joto, na muda wa migongano yao unakokotoleka. Kwenye mchanga, sekunde 10 zinahitaji chanzo cha aina nyingine kabisa, na chanzo hicho hakijaonyeshwa kwa namna ya kuridhisha.

Unyumbufu unaingiaje? Kitu kikipashwa hutanuka, hilo linajulikana. Linalosahaulika ni upande wa pili: kitu kikivutwa hubadilika halijoto. William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, aliliweka kwenye hesabu katika miaka ya 1850. Chukua fito ya feleji kwenye kelvini 293 na uivute kwa haraka hadi mkazo wa megapaskali 200. Itapoa kwa karibu kelvini 0.19. Ni kidogo, lakini kamera nzuri ya joto inaiona, na wahandisi huitumia kusoma mikazo kwenye uso wa mashine. Kwa hiyo msogeo na halijoto ni mambo mawili yanayosemezana muda wote. Maurice Biot aliyaunganisha kwa utaratibu kamili mwaka 1956, akimtumia Fourier. Mwaka 1967 Lord na Shulman wakaiweka kanuni ya Cattaneo mahali pa Fourier. Kwa mwelekeo mmoja modeli yao ni hii:

ρuₜₜ = Euₓₓ − γθₓ

ρcθₜ + γT₀uₓₜ + qₓ = 0

τqₜ + q + kθₓ = 0

Hapa ρ ni msongamano wa kitu, c ni uwezo wake wa kubeba joto, na γ hupima jinsi joto na mnyumbuko vinavyofungana. Mstari wa kwanza ni wa Newton: msogeo u unasukumwa na ugumu wa kitu, E, pamoja na mabadiliko ya halijoto. Wa pili ni uhifadhi wa nishati, na γT₀uₓₜ ndiyo ile athari ya Kelvin, ikiwa na T₀ kama halijoto ya mwanzo. Wa tatu ni Cattaneo. Matokeo yake ni kwamba pigo moja la joto huzaa mawimbi mawili yanayosafiri kwa kasi mbili tofauti. Moja huelemea upande wa joto na jingine upande wa mtetemo, lakini hakuna lililo safi: kila moja hubeba sehemu ya mwenzake.

Baada ya hapo nadharia zilimiminika. Green na Lindsay walileta muda wa kutulia wa aina mbili mwaka 1972. Green na Naghdi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walijenga familia ya nadharia tatu, mojawapo ikiwa na joto linalosafiri bila kupoteza nishati hata kidogo. Na mwaka 1995 Tzou akaandika uchelewaji waziwazi: mtiririko wa wakati t + τq unalingana na mteremko wa wakati t + τT, ambamo τq na τT ni nyakati mbili za kuchelewa, moja ya mtiririko na moja ya mteremko. Hapo ndipo mtego wenyewe ulipo.

Ukiiandika sentensi neno kwa neno

Tuondoe unyumbufu kwa muda, na tuseme tu kwamba mtiririko wa joto unafuata mteremko uliokuwepo τ sekunde zilizopita. Mlinganyo unakuwa θₜ(t + τ) = αθₓₓ(t). Unaonekana mpole, karibu sawa na wa Fourier. Mpe halijoto iliyopangika kama mawimbi, sin(nx), ambamo n kubwa ina maana ya wimbi fupi, na uulize kama mawimbi hayo yanakua au yanafifia kwa kasi ω. Jibu linatoka kwenye mlinganyo mdogo: ωe^(ωτ) = −αn².

Huu unachambulika kwa karatasi na kalamu. Ikiwa αn²τ ni chini ya π/2, kila kitu hufifia kama inavyotakiwa. Ikizidi hapo, kuna jibu la ω linalokua. Kwa shaba yetu yenye τ ya sekunde 10⁻¹¹, kila wimbi la halijoto lenye urefu chini ya nanomita 166 hivi litakua lenyewe badala ya kufifia. Na kasi ya kukua haina dari: kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo linavyokua haraka zaidi. Ina maana kwamba kosa dogo kiasi chochote kwenye hali ya mwanzo, mradi tu lina mikunjo midogo ya kutosha, linaweza kuwa kubwa unavyotaka ndani ya muda mfupi unaotaka.

Jacques Hadamard alidai mambo matatu kwa swali lolote la fizikia: jibu liwepo, liwe moja, na libadilike kidogo pale data za mwanzo zinapobadilika kidogo. Mlinganyo wetu unashindwa dai la tatu. Kuna namna nyingine ya kuuona ugonjwa huo huo. Unaweza kuutatua hatua kwa hatua, kipande cha muda τ baada ya kipande, lakini kila hatua inahitaji uchukue mabadiliko mara mbili zaidi kwa umbali. Kila τ inayopita inakula ulaini wa data zako. Anza na data zilizo laini bila mwisho na utasonga mbele. Anza na data za kawaida, zilizopimwa maabara, na utakwama.

Njia ambayo wengi huifuata ni kupanua q(t + τ) kwa mfululizo wa Taylor, yaani kuiandika kama jumla ya maneno yenye vipeo vya τ vinavyopanda. Ukiishia kwenye neno la kwanza, q + τqₜ, umepata Cattaneo, na mambo ni salama. Sasa ongeza neno la pili, τ²qₜₜ/2, ukitarajia usahihi zaidi. Kigezo cha Routh na Hurwitz, kinachopima kama majibu yote ya mlinganyo yanafifia, kinakupa jibu mara moja: mawimbi hufifia pale tu αn²τ inapokuwa chini ya 2. Mengine yote hukua, tena bila dari. Kwa hiyo Cattaneo hakufaulu kwa sababu alikaribia uchelewaji halisi. Alifaulu kwa sababu alisimama kabla ya kuukaribia. Mwaka 2009 Dreher, Quintanilla na Racke walithibitisha jambo hili kwa upana kwa modeli za Tzou na nyingine za aina hiyo: zikiachwa na uchelewaji wake kamili, hazitimizi sharti la Hadamard.

Je, kuwa na nyakati mbili kunasaidia? Kwa umbo kamili, hapana, maana kinachobaki ni tofauti ya τq na τT tu. Kwa umbo lililokatwa inasaidia. Ukipanua upande wa mtiririko hadi neno la pili na upande wa mteremko hadi la kwanza, mawimbi yote hufifia ikiwa τT ni zaidi ya nusu ya τq. Quintanilla alilionyesha hilo mwaka 2002. Sharti hili ni la kukumbukwa kwa yeyote anayeingiza namba kwenye kompyuta, kwa sababu programu haitakuonya. Gridi yenye vyumba vikubwa huyaficha mawimbi mafupi, na jibu linaonekana zuri hadi siku utakapoipunguza.

Sababu ya kifizikia

Hesabu imetoa hukumu, lakini kosa ni nini hasa? Fikiria halijoto inayopanda na kushuka kwa kipindi cha 2τ. Mtiririko unaochelewa kwa τ umechelewa nusu kipindi, kwa hiyo wakati joto linapofika, upande uliokuwa wa baridi sasa ndio wa moto. Joto linatiririka kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, na kila mzunguko unaongeza tofauti badala ya kuipunguza. Ni kama mtu anayerekebisha bomba la kuogea ambalo maji yake huchelewa kubadilika: anaongeza moto kwa kujibu baridi iliyokwisha kupita, na maji yanayumba kutoka kuunguza hadi kugandisha. Katika fizikia, hilo ni kuvunja kanuni ya pili ya thamodinamiki.

Gurtin na Pipkin walitoa mwaka 1968 lugha inayoweka yote haya mahali pamoja. Wacha mtiririko wa sasa uwe jumla ya miteremko yote iliyopita, kila mmoja ukipewa uzito K(s) kulingana na umri wake s. Uzito wote ukiwa kwenye sasa hivi, umepata Fourier. Uzito ukipungua taratibu kama e^(−s/τ), umepata Cattaneo. Uzito wote ukiwa kwenye umri mmoja tu, τ kamili, umepata uchelewaji halisi. Kisha kuna mtihani mmoja: zidisha K(s) kwa cos(νs), jumlisha kwa umri wote, na matokeo yasiwe hasi kwa kasi yoyote ya mtetemo ν. Cattaneo anapata k/(1 + ν²τ²), chanya daima. Uchelewaji halisi unapata k·cos(ντ), ambayo huwa hasi mara tu ντ inapopita π/2. Ni π/2 ile ile tuliyokutana nayo kwenye karatasi na kalamu.

Kwa hiyo kitu halisi hakichelewi kama barua inayofika siku iliyopangwa. Kina kumbukumbu inayofifia, na ya jana ina uzito zaidi kuliko ya juzi. Kutotenganisha mambo haya mawili ndiko kunakoleta makala zenye milinganyo mizuri na majibu yasiyo na maana.

Turudi kwenye kitu kinyumbufu

Mtu anaweza kutumaini kwamba unyumbufu utatuliza mlipuko, kwa kuwa mlinganyo wa msogeo wenyewe una tabia njema. Tazama nishati. Katika modeli ya Lord na Shulman, ukijumlisha nishati ya mwendo, ya mnyumbuko, ya halijoto na ya mtiririko wenyewe, maneno ya kuunganisha yenye γ yanafutana, na kinachobaki ni kwamba jumla hupungua kwa kiasi kinacholingana na q². Namba iliyopigwa kipeo cha pili haiwi hasi, kwa hiyo nishati haiwezi kupanda. Weka uchelewaji halisi kwenye Fourier, na mahali pa q² unapata mteremko wa sasa ukizidishwa kwa mteremko wa τ iliyopita. Ishara ya zao hilo haijulikani. Breki imegeuka kuwa kitu kinachoweza pia kusukuma. Reinhard Racke alionyesha mwaka 2012 kwamba mifumo iliyounganishwa ya aina hii hubaki bila uthabiti hata uchelewaji uwe mdogo kiasi gani.

Kuna dawa. Acha sehemu ya mtiririko ijibu papo hapo: θₜ = α₁θₓₓ(t) + α₂θₓₓ(t − τ). Ikiwa α₁ inaishinda α₂ kwa ukubwa, hakuna wimbi linaloweza kukua, kwa τ yoyote. Upande wa msogeo, mnato wa ndani wa kitu hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Hata pale ambapo nishati haipandi, kuna swali gumu zaidi: inashuka kwa kasi gani? Kwa mwelekeo mmoja, chini ya Cattaneo, na mipaka inayofaa, inashuka kwa mfumo wa kipeo: kila kipindi cha muda inabaki sehemu ile ile ya iliyokuwepo. Kwa miwili au mitatu hadithi inabadilika. Mawimbi ya kukata, yanayosogeza vipande kando bila kubadilisha ujazo, hayapashi wala hayapoozi kitu sare, kwa hiyo joto haliyaoni na haliwezi kuyazuia.

Matokeo yanayonivutia kuliko yote ni ya boriti ya Timoshenko, modeli inayoruhusu boriti kupinda na vipande vyake kusogezwa kando kwa pamoja. Kwa Fourier, kasi mbili za mawimbi zikiwa sawa, mtetemo hufa kwa mfumo wa kipeo. Fernández Sare na Racke walionyesha mwaka 2009 kwamba ukimbadilisha Fourier na Cattaneo chini ya sharti hilo hilo, sifa hiyo inapotea. Haijalishi τ ni ndogo kiasi gani. Mwaka 2012 Santos, Almeida Júnior na Muñoz Rivera walipata sharti jipya linalorudisha sifa hiyo, nalo lina τ ndani yake. Ukiweka τ kuwa sifuri, linarudi kuwa usawa wa kasi wa zamani. Hivyo muda wa kutulia haubadilishi kasi ya joto peke yake. Unaingia ndani ya swali la boriti ipi itatulia na ipi itaendelea kulialia.

Ni wapi haya yanahitajika? Sio kwenye reli wala kwenye kuta za jengo, ambako Fourier na Biot wanatosha kabisa. Yanahitajika pale leza ya mapigo ya femtosekunde (sekunde 10⁻¹⁵) inapogonga utando mwembamba wa metali. Elektroni hupata joto kwanza, atomu hulipata baada ya pikosekunde (sekunde 10⁻¹²) chache, na modeli ya halijoto mbili inayoeleza hilo ikikunjwa kuwa mlinganyo mmoja hutoa umbo la Tzou lililokatwa kwenye neno la kwanza pande zote mbili, safari hii τq na τT zikiwa na maana inayopimika: zinatoka kwenye kasi ambayo elektroni huzikabidhi atomu nishati. Wakati huo huo utando unatanuka na kutoa pigo la sauti. Kwenye shaba yenye unene wa nanomita 100, pigo hilo huvuka upande wa pili kwa pikosekunde 21 hivi, wakati joto bado linajipanga. Anayepima mwangwi wake hana budi kuitatua milinganyo yote mitatu kwa pamoja, na, kama amepanua mtiririko hadi neno la pili, kabla ya kuamini grafu yake ahakikishe τT yake imezidi nusu ya τq.